Kushuka Mteremko Baada ya Mvua ya Mawe

Siku mliponiaga nikistaafu, pale yadini kwenye malori yetu, mlinipa maikrofoni, nikasema asanteni, nikakaa. Wengine mlidhani nina haraka ya pilau. Ukweli ni kwamba machozi yalikuwa karibu, na mzee akilia mbele ya madereva atataniwa mpaka kaburini. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa, kwa sababu vyeo sikupata na mishahara mnaijua. Nitaandika juu ya kitu kimoja tu, kile kilichonitia hofu miaka yote niliyoendesha lori la majani chai: barabara iliyotoka kuangukiwa na mvua ya mawe.

Mtoto wa ndugu yangu anaishi Kanada. Hupenda kunipigia simu na kunieleza habari za theluji, jinsi magari yanavyoteleza mpaka yanageuka kule yalikotoka, jinsi watu wanavyobadilisha matairi msimu wa baridi ukikaribia, na jinsi serikali inavyomwaga chumvi barabarani. Siku moja aliniambia, "Uncle, nyinyi huko hamjui kuendesha kwa barafu." Nikamwacha amalize, kisha nikamwuliza kama barafu yao huwa inatangaza kwamba inakuja. Akasema ndiyo, redioni, hata siku mbili mapema. Nikamwambia yetu haina adabu hiyo. Asubuhi kuna jua na mama watoto anaanika nguo. Alasiri wingu linatoka upande wa msitu wa Mau, na kabla hujamaliza kupandisha kioo cha dirisha barabara yote ni nyeupe. Chini ya hiyo nyeupe kuna udongo mwekundu uliolowa, na juu yake uko wewe na tani kadhaa za majani. Chumvi tuliyonayo ni ya mboga. Alicheka sana, lakini tangu siku hiyo ananiheshimu.

Mimi nilizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai. Baba alipanda huku kutoka kando ya ziwa akiwa kijana, akachuma chai mpaka mgongo ukakataa. Kwa hiyo majani niliyajua tangu utotoni, ila lori sikulijua. Aliyenifundisha ni Mzee Langat, Mkipsigis wa Kimulot, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu ambayo sikuwahi kumwona ameivua, hata kanisani. Siku yangu ya kwanza nilifika nimepiga pasi shati, nikitarajia kupewa ufunguo. Mzee Langat alinitazama viatu, akaniletea gambuti, akasema, "Twende tutembee."

Tukatembea kweli. Tulianzia kituo cha kupimia majani kule juu, tukashuka mteremko wote mpaka kwenye daraja, tukapanda tena. Mnaujua mteremko huo, ule wenye mikaratusi. Mkono wa kushoto ukishuka ni ukingo wa mlima na mtaro, mkono wa kulia ni chai inayoteremka mpaka mtoni. Alinionyesha mahali ambapo kivuli cha ile miti hulala barabarani. Aliniambia mawe yakianguka, sehemu yenye jua huyeyuka upesi, lakini pale kivulini barafu hukaa hadi jioni, na maji ya ile iliyoyeyuka juu hupita juu yake na kuifanya iteleze zaidi. "Jua ikitoka watu wanafurahi," alisema. "Wewe usifurahi bado." Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa na malengelenge miguuni. Mke wangu, Mama Atieno, aliuliza kama kweli nimeajiriwa kazi ya udereva.

Mengi ninayoyajua ni yake, na nayaandika hapa kama alivyonipa. Minyororo ya matairi hufungwa wingu likiwa bado mbali. Ukingoja mawe yaanguke utafunga ukiwa umelala kwenye matope, na vidole havitakusikia. Gia ya kwanza huingizwa kabla ya kuanza kushuka, kisha unaiacha injini ikushike, na mguu unauweka mbali na breki. Mzee Langat aliiita "preki", na mpaka leo nikishtuka barabarani ndivyo ninavyoitamka. Lori likianza kwenda lenyewe, usilitafutie katikati ya barabara. Liingize mtaroni upande wa mlima, polepole, mapema, wakati bado wewe ndiye unayeamua. Mtaro utakukwaruza rangi, basi. Upande wa pili hauna ukingo.

Kisha kuna mifuko. Mgeni akitazama ndani ya lori letu huona majani yamening'inia kwenye kulabu, mifuko imepangwa kama nguo dukani, na husifu. Ni vizuri, maana majani hupumua na hayaungui. Lakini kwenye barafu mifuko ile hubembea. Unakata kona, mifuko inabembea nje, na lori zima linafuata. Kwa hiyo Mzee Langat alikuwa akiishusha yote sakafuni kabla ya mteremko. Majani ya chini yalibanwa yakapata joto na kuanza kuwa mekundu, na kule kiwandani aligombezwa kila mara. Alikuwa akisikiliza kwa makini, anaitikia, na msimu unaofuata anashusha tena.

La mwisho alilonifundisha ni kuinama. Mawe yakianza kuanguka kila mtu hutafuta paa, na katikati ya shamba la chai hakuna paa ila lori. Wachumaji hukimbilia chini yake na vikapu vyao, na vijana wa bodaboda huacha pikipiki barabarani na kuingia humo pia, kwa sababu jiwe likikupiga kwenye vidole ukiwa umeshika usukani wa pikipiki, pikipiki na wewe mnaachana. Mvua hukatika ghafla. Dereva ambaye hajainama kuangalia anaweza kuondoka na watu wakiwa bado wamejikunyata kati ya magurudumu. Mzee Langat alikuwa akipiga goti matopeni na kuita kwa Kikipsigis, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kijaluo kibovu alichojifunza kwangu. Alipostaafu nilimpelekea blanketi. Alifariki akiwa nyumbani kwake, amelala kitandani, na nilimshukuru Mungu kwamba halikuwa jambo la barabarani.

Sasa nifike kwa Chebet. Nimemwomba ruhusa, akasema niandike, ila nisimfanye malaika.

Chebet alikuja kwetu akiwa na leseni mpya na sauti kubwa. Alikulia jirani na kituo cha majani, na aliniambia tangu utotoni akisikia lori linapanda kilima alijua kwa mlio ni la nani. Langu alilitambua kwa sababu gia ya pili ilikuwa inalia kama mbuzi. Alikuwa mkaidi, mchapakazi, mcheshi, na aliipenda kazi hii kuliko mtu yeyote niliyefanya naye kazi, nami nikiwemo. Nilimfundisha niliyofundishwa. Aliinama kuangalia chini ya lori hata siku za jua.

Msimu mmoja mawe yalimkuta kwenye kilima kingine, lori likiwa tupu. Alifanya kama inavyotakiwa. Alisimama, akavuta handbreki, akaacha gia ndani, akasubiri. Wachumaji wakaingia chini kama kawaida. Mawe yalikuwa makubwa kama malimau madogo, na yalijaa haraka kuzunguka matairi. Lori likaanza kuteremka likiwa limefungwa breki, magurudumu hayazunguki, linateleza lote kama sahani kwenye meza iliyolowa. Chebet alipiga honi na mayowe. Wote walitoka isipokuwa mama mmoja, Mama Chelang'at, aliyenaswa mguu. Lori lilisimama kwenye ukingo. Mguu ulivunjika mahali pawili, akalazwa muda mrefu, akatoka na fimbo.

Hakuna aliyemlaumu Chebet. Polisi hawakumlaumu, kiwanda hakikumlaumu, na Mama Chelang'at mwenyewe alimtumia salamu kutoka wodini. Ila yeye alijilaumu vya kutosha watu wote hao. Aliendelea kuja kazini, lakini wingu likionekana tu mikono yake ilianza kutetemeka. Alikuwa akitafuta mahali tambarare, anaegesha, anatoa ufunguo, na kupiga simu yadini atumiwe dereva mwingine. Nyinyi mnaijua nchi yetu. Hapa wingu huonekana karibu kila alasiri.

Meneja si mtu mbaya. Alivumilia, akavumilia, kisha akasema majani hayawezi kungoja. Ama Chebet aendeshe kama wenzake, ama ahamie stoo kushona mifuko. Mimi nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu na goti langu lilikuwa limeanza kunisumbua, kwa hiyo niliwekwa naye kwenye lori moja kwa muda huo, nione kama atarudi kuwa dereva. Nilikubali bila kujua nitafanya nini. Hofu si gia ambayo unamwonyesha mtu iko wapi. Nilichojua ni kwamba nikimwona Chebet ameketi stoo na sindano, moyo wangu utavunjika, na nilimwambia hivyo hivyo. Akanijibu, "Mzee, wako tayari imevunjika mahali mbili kama mguu ya Mama Chelang'at," kisha akajuta utani wake.

Siku yenyewe tulikuwa kwenye kituo kile cha juu ya mteremko wa mikaratusi. Majani ya asubuhi yalikuwa yamepimwa na kupakiwa. Mawe yakaanguka. Tulisimama chini ya mabati ya kituo na wakulima wote, hatusikilizani, tukitazama chai ikikatwakatwa. Mvua ilipokatika, miti ya chai ilikuwa imebaki vijiti. Mnaelewa maana yake. Wiki nyingi zingepita kabla ya kuchuma tena, kwa hiyo majani yaliyokuwa ndani ya lori letu ndiyo ya mwisho kwa kila mtu aliyesimama pale. Yakilala hapo hadi kesho ni takataka. Watu hawakupiga kelele. Walimtazama tu Chebet.

Chebet alinipa ufunguo. "Mzee, endesha wewe. Mimi siwezi. Please."

"Goti," nikasema.

"Goti imefanya nini?"

"Imekataa klachi."

Ilikuwa nusu ya ukweli. Ningeweza kuuma meno nikashuka. Lakini nilijua nikiuchukua ule ufunguo, kesho yake Chebet atakuwa stoo.

Hapo Mama Chelang'at akasogea na fimbo yake. Hakuwa amekuja kutuona sisi, alikuwa ameleta majani yake yaliyochumwa na binti zake. Akasema, "Chebet, kuna kilo zangu kwa hiyo gari. Unataka nibebe kwa mgongo, na hii mguu?" Watu wakashtuka. Yeye peke yake alikuwa na haki ya kutania jambo hilo, na alicheka peke yake. Kisha akaweka kiganja kwenye shavu la Chebet, kama unavyomshika mtoto mwenye homa. "Sikiliza, mtoto yangu. Mimi nilitoka chini ya hiyo lori. Ni wewe ulibaki huko."

 Chebet alifuta pua kwa mkono wa koti, akaenda nyuma ya lori na kuanza kushusha mifuko kutoka kwenye kulabu. Utingo wetu, Rono, akamfuata bila kuambiwa. Mimi nilifunga minyororo. Majani yakiwa yote sakafuni Chebet alipiga magoti akaangalia chini ya lori upande huu, akazunguka, akaangalia upande ule, akarudi tena upande wa kwanza. Hakuna aliyemharakisha.

Kwetu barabara ikiwa nyeupe mtu hutembea mbele ya lori na jembe. Anavunja barafu palipo pabaya, lakini hiyo ni sababu ndogo. Sababu kubwa ni kwamba dereva mwenye mtu mbele ya bampa yake haongezi mwendo hata injini ikimwomba. Kwa kawaida ni kazi ya utingo. Siku hiyo nilimwambia Rono atembee ubavuni na kipande cha gogo cha kutegea gurudumu, na jembe nikalichukua mimi. Nilitaka Chebet amwone mtu anayemjua.

Tukaanza. Minyororo ilikuwa ikilia kwenye barafu, injini inanguruma chini chini, nami natembea kama bwana harusi, hatua kwa hatua, nikigonga kwa jembe. Nyuma yangu wakulima walikuwa wanashuka pamoja nasi kando ya barabara. Niligeuka mara moja nikamwona Chebet kupitia kioo. Midomo yake ilikuwa inachezacheza. Sijui kama alikuwa anaomba au ananitukana. Jua lilikuwa limetoka na ndege walikuwa wameanza kulia.

Tulipoingia kwenye kivuli cha miti nilianguka.

Sikuteleza kidogo kidogo kama mtu mwenye heshima. Miguu yote iliondoka mara moja, jembe likaruka, nikalala chali katikati ya barabara na kuanza kuteremka kwa mgongo. Nilipoacha kuteleza nilijaribu kuinuka, goti likakataa, safari hii kweli. Nikasikia minyororo imebadilisha mlio. Lori lilikuwa limeanza kwenda lenyewe.

Nilimwona Rono akirusha gogo na gurudumu likilisukuma pembeni. Niliona bampa. Niliwaza juu ya mke wangu, na kwamba sijafunga ng'ombe. Kisha nikaona magurudumu ya mbele yakigeuka, taratibu, kuelekea ukingo wa mlima, bila papara na bila breki. Gurudumu la kushoto likazama mtaroni. Lori likainama, likakwaruza udongo wa ukingo kwa ubavu wake wote, likapita karibu nami kiasi cha kunirushia barafu usoni, likasimama.

Mlango ulifunguka na Chebet akaruka nje. Alinifikia kwa magoti, maana kusimama kulikuwa hakuwezekani, akanishika kola kwa mikono miwili.

"Mzee! Umeumia? Umeumia wapi? Nani alikuambia utembee na hiyo goti? Imekataa klachi lakini imekubali barafu?" Machozi yalikuwa yanamtiririka na alikuwa ananifokea mbele ya watu wote. "Unataka nikuue? Eh? Unataka niende nimwambie nini Mama Atieno?"

Nilitaka kumjibu lakini nilikuwa naitazama mikono yake. Ilikuwa imeikaza kola yangu kama vile ni usukani, na haikuwa inatetemeka hata kidogo.

"Ingia kwa gari," akasema. "Funga belt. Na usiniongeleshe."

Wakulima walikata matawi ya ile chai iliyoharibika, wakayatandika chini ya magurudumu na mtaroni. Wakasukuma, wakaimba, wakasukuma. Lori likatoka. Rono alichukua jembe akatangulia mbele, na Chebet akalishusha lori mteremko wote uliobaki, mguu mbali na breki, macho mbele, akinong'ona na injini maneno ambayo sikuyasikia. Mimi nilikaa pembeni yake nimefunga mkanda, na kama nilivyoagizwa, sikusema kitu. Baada ya daraja, penye tambarare, alisimama akaweka kichwa kwenye usukani na kulia kwa sauti. Nikalia pia. Nilimpenda huyo mtoto siku hiyo kama nilivyowapenda wa kwangu walipozaliwa. Rono alisimama nje akijifanya anakagua taa.

Majani yalifika yamekuwa mekundu kidogo chini, karani akanung'unika, lakini yalipokelewa. Stoo haikumpata Chebet.

Najua mnavyosema pale yadini, kwamba nilianguka makusudi ili nimponye. Niwaambie mara ya mwisho: mtu wa umri wangu haanguki kwenye barafu kwa makusudi. Nilianguka kwa sababu nilikuwa mzee na gambuti zilikuwa zimeisha nyayo. Mengine yote aliyafanya yeye.

Sasa naishi huku chini Sigowet, kwenye joto, nafuga ng'ombe wawili wasio na shukrani. Mawe hayatufikii sana. Lakini alasiri nikitazama upande wa mashariki huliona lile wingu likijikusanya juu ya milima yenu, jeusi chini na jeupe juu, na chakula hakinipiti tena kooni. Mke wangu anaweka sahani mezani, anaifunika, ananiacha. Ameshazoea. Nakaa nje na simu mkononi mpaka iite, na Chebet hanisalimii hata. Anasema, "Mzee, nimeshuka," na nyuma yake nasikia kelele za kiwanda.

Nanyi wengine mna namba yangu. Mkifika chini, nipigieni. Si lazima tuongee mengi, najua mmechoka na mmelowa. Semeni tu mmefika, nami nitaingia ndani nile.